Kitanda Kando ya Boila

Mume wangu Wilfred hamwamini mtu yeyote anayelipwa kwa saa. Fundi akiingia, yeye hugeuka askari: humfuata chumba hadi chumba na kukodolea macho kila kifaa kinachotoka mkobani. Mimi nilikuwa simwamini Wilfred. Tumeishi nyumba hii ya mjini Keighley tangu tuoane, na nakijua kinyago anachovaa akiwa na jambo la kuficha. Huwa mpole kupita kiasi.

Nilikuwa nimetoka hospitali baada ya kuvunjika nyonga. Ngazi zilinishinda, basi Wilf akanishushia kitanda sebuleni na kukibana kando ya meko ya gesi ili nipate joto. Nyuma ya meko ile ndipo inapokaa boila yetu ya zamani, inayopasha maji ya rejeta, yale mabati ya ukutani yanayotia joto nyumba nzima. Kabla sijaanguka, Wilf alikuwa akizunguka kila asubuhi na kifunguo chake akitoa hewa iliyonasa kwenye rejeta za juu, ambazo zilikuwa baridi kama kaburi, huku maji ya moto yakimwagika kutoka bomba la darini hadi dari ikaota ukungu. Niliporudi, kumwagika kulikuwa kumekoma. Badala yake boila iligonga nyuma ya mto wangu kama mgeni aliyechoka kusubiri mlangoni.

"Mabomba yanajinyoosha tu, mke wangu," alisema Wilf, kwa upole ule ule. "Lala."

Alipotoka kununua gazeti nikampigia fundi mwenyewe.

Akaja Lorna Sugden, mwanamke mnene mwepesi wa kucheka. Wilf akampa chai, biskuti akazirudisha kabatini. Lorna akafungua kabati la mabomba karibu na meko, akatoa sumaku mfukoni na kuipitisha juu ya mabomba ya shaba. Iliteleza, ikateleza, kisha ikanasa.

"Shaba haishiki sumaku," alisema. "Hapa inashika tope la kutu lililojaa ndani. Na hili ndilo bomba linaloteremsha maji kutoka tangi la darini. Limeziba, mzee."

"Sumaku ni yako," alijibu Wilf. "Itasema unachotaka wewe."

"Lete yako basi."

Alienda kweli. Akabandua mlangoni mwa friji sumaku yenye umbo la kaa wa baharini tuliyonunua pwani, Whitby, akapiga magoti kwa shida, akaanza kujaribu bomba moja moja. Kaa alianguka zuliani. Akaanguka tena. Wilf alipofika pale pa Lorna, kaa akanasa. Wilf akamng'oa, akambandika tena, akanasa tena.

"Haya," alisema. "Kata hapo, weka jipya, uende zako."

"Kwanza nipande darini nione bomba la kupumulia, lile linalotoa hewa na mvuke."

"Darini hakuna kitu."

"Hakuna kitu, au hutaki nione?"

"Nimekuita uangalie bomba, hukuitwa kuchungulia mizigo yangu."

"Hukumwita wewe," nikasema kutoka kitandani. "Nimemwita mimi. Panda, Lorna."

Wilf akanitazama kama mtu aliyesalitiwa. Hapo nikatambua kwamba sijui ni nini hasa ninachokishuku. Pesa? Mwanamke? Kwa umri wetu ningecheka, lakini sikucheka. Nilisikia hatua za Lorna juu. Alishuka upesi kuliko alivyopanda, akapiga magoti karibu na miguu yangu na kufunga gesi.

Kisha akafungua kiganja. Kulikuwa na kizibo kinene cha mpira, kimeungua upande mmoja.

"Nani alipigilia hiki kwenye bomba la kupumulia?"

"Mafundi waliopita," alisema Wilf. "Unajua walivyo."

"Wilf," nikasema, "hicho ni kizibo cha mtungi wako wa kutengenezea divai."

Lorna hakupaza sauti. "Mzee, hewa hutokea juu pale. Chini kumeziba kwa tope, juu umeziba wewe. Maji yanachemka humo na hayana pa kwenda. Siku ambayo boila ingekataa kujizima, ukuta huu ungelipuka."

"Lilikuwa linamwaga maji," alisema Wilf. "Nilitaka likome kabla huyu hajarudi. Nilitaka arudi pakavu."

Nilikasirika. Siku zote zile nililaza kichwa pale, nikisikia mlio ule, naye ananiambia lala. Nilikuwa na maneno tayari mdomoni, makali yote. Lakini Wilf alikuwa ameshatupa macho kwenye mto wangu, kisha kwenye meko, kisha kwenye mto tena, na rangi ikamtoka usoni.

Alishika ncha ya kitanda akaanza kusukuma, mimi nikiwa juu yake, mablanketi yakiburuta chini.

"Hakuna hatari tena, mzee," alisema Lorna. "Gesi nimeshafunga."

Aliendelea kusukuma. Akagonga meza, akaipiga teke ikapinduka, akasukuma hadi kitanda kikafika ukuta wa pili. Kisha akasimama kati yangu na meko, amenipa mgongo, akihema.

"Sogea, Wilf," nikamwambia. "Nataka kumwona fundi akifanya kazi."

Hakusogea.