Bei ya Nyonga ya Kulia

…na faida, anasema faida, kama vile mimi ni genge la nyanya, daktari mwenyewe ndevu bado zinabembelezwa zitoke, ameinua picha ya mfupa wangu kwenye mwanga wa dirisha anamwonyesha mwanangu, si mimi mwenye mfupa, "unaona hapa, kaka, nyonga ya kulia, imevunjika shingoni," kumbe nyonga nayo ina shingo, ingekuwa na mdomo ingejisemea, na mwanangu anaitikia, "naona, daktari, naona," haoni kitu, namjua, mimi ndiye niliyemzaa, ndivyo alivyokuwa akiitikia hesabu za darasa la nne, naona mwalimu, halafu anarudi nyumbani kalamu imetafunwa nusu… na mimi nimelala chali ndani ya gauni hili la hospitali, kamba tatu, mbili zimenyofoka, mshono wa begani umekwenda upogo, aliyelishona alikuwa na haraka au hajalipwa, nimeshona sare za shule tangu huyu daktari hajazaliwa na sijamtoa mtoto kibandani kwangu na bega la namna hii, "sasa, kwa umri wake," haya, ndilo hilo, nilikuwa nalingoja, kwa umri wake, "inabidi tupime gharama na faida, kuna kumwekea nyonga ya bandia, ni ghali, na kuna kumwacha apumzike tu nyumbani, dawa za maumivu, mfupa ushike wenyewe taratibu," apumzike, neno tamu hilo, utadhani ananiagiza kitanda cha harusi… asubuhi nilikuwa nimeshaandaa la kusema, nirudisheni nyumbani wanangu, nimekula chumvi nyingi, somesheni watoto, nililipanga kama nguo ya kutokea, hata sauti nimeichagua, ile ya upole ya akina mama wanaosifiwa, na mwanangu angelia kidogo na kushukuru kidogo, simlaumu, ana watoto wanne na gari linalosukumwa kuliko linavyoendeshwa, neno lilikuwa hapa, mlangoni mwa mdomo, lakini dada, dada yangu mkubwa alisema neno hilohilo, aliteleza kwenye kizingiti cha bafu nyonga ikaenda, akasema msihangaike na mimi, na sisi tukamsifu, dada ana subira, dada hana makuu, tukamlaza chumba cha nyuma apumzike, akapumzika miaka mitatu, mgongo ukachimbika vidonda vya kuingia ngumi, na binti yake, mtoto yule aliyekuwa anachoma mikate kiwandani, mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya saba, akaacha kazi amgeuze mama yake, amgeuze asubuhi, amgeuze mchana, amwoshe, amgeuze tena, mchumba akangoja, akachoka, akaoa kwingine, na leo binti huyo hawezi kuinua ndoo, kiuno kimekwisha na hamsini hajaifika, na mimi niliyekuwa nakwenda kumsalimia dada Jumapili nilikuwa namsikia akiomba chini ya shuka, haombi kupona… hiyo iliandikwa wapi, daktari, gharama ya kupumzika kwa dada nani aliipima, sabuni, pamba, mashuka yaliyooza, ujana wa mtu mzima na akili zake, mnasema ile ya chuma ndiyo ghali kwa sababu ina risiti, hii nyingine ni rahisi kwa sababu kuna mwanamke anailipa kimyakimya, rahisi ghali, waliosema hivyo walikuwa wamelala kitanda kama hiki, "na ukweli, kaka, hata vifaa havitoshi, chumba cha upasuaji ni kimoja, wapo wenye miaka mingi mbele yao," na jicho lake linakimbilia kitanda cha dirishani, kwa yule binti aliyegongwa na pikipiki akipeleka mtoto kliniki, mtoto hakuchubuka, yeye paja vipande, jana alinirushia chungwa nikalidaka kwa mkono mmoja wodi nzima ikapiga makofi, sasa huyo ndiye ninayewekwa naye kwenye mizani, mimi huku, yeye kule, tuone nani mzito, nikatae basi ili yeye atembee, nitamkatalia vipi, lakini nani katuwekea mizani moja, yeye apewe chake na mimi nipewe changu, lile jengo jipya la ofisi za hospitali nililopitishwa mbele yake juu ya machela, vioo mpaka juu, lenyewe gharama na faida zake zilipimwa na nani, "tuseme ana miaka mitano, sita, Mungu akijalia," mitano! mama yangu aliambiwa ana mwaka mmoja, akamzika daktari aliyemwambia, na hata ikiwa mitano, mitano ni mtoto aliyezaliwa leo mpaka anabishana na wewe kuhusu viatu, faida, unataka faida nikutajie, faida ni kwenda chooni mwenyewe na kufunga mlango, faida ni mguu huu wa kulia juu ya pedali ya cherehani shule zikikaribia kufunguliwa, faida ni binti yangu aliyeko kazini saa hizi abaki kazini… mwanangu anakohoa, "sisi kama familia, daktari, tutakaa tushauriane," washauriane, na ukoo wetu kwa kushauriana, nikifa leo jioni hakuna atakayeshauriana, hema litasimama, magari yatakodiwa, watu watalishwa mpaka wasahau wamekuja kulia, chama chetu cha washonaji kina fungu langu la jeneza na sijawahi kusikia mtu akiuliza, kwa umri wake, jeneza zuri hivyo la nini, faida yake ipi, kuzikwa kwangu kunachangiwa na watu mia, kutembea kwangu ndiko kunakopimwa, basi fungu hilo litoke, litoke leo, linunue nyonga, siku ya kufa mtanifunga mkekani na mtanizika tu, hakuna aliyewahi kuachwa juu ya ardhi kwa kukosa jeneza lenye vishikio vya shaba, cherehani ya pili nayo iuzwe, ya kwanza inatosha, na yule binti wa dirishani nitamwambia naye apige kelele, tupige wote wawili, chumba cha upasuaji kimoja kitatusikia… daktari ameshafungua kalamu, anataka kuandika, najiinua kwa kiwiko, loo, maumivu yanapanda mpaka kwenye meno, yapande tu, "Daktari," nasema, "mgonjwa ni mimi, niulize mimi, nataka nyonga," na kalamu iko palepale juu ya karatasi, mwanangu anaangalia sakafu, hakuna aliyegeuka, daktari anaendelea, "kwa hiyo, kaka, kama nilivyosema," sawa, hawajasikia au hawajataka, nitarudia, na safari hii kwa sauti ile ya kuita wateja ng'ambo ya barabara, sauti ninayo, hiyo haijavunjika.