Koti la Mkurugenzi

Kila asubuhi karani wa uwanja mdogo wa ndege alifuta ubao kwa kitambaa kikavu, akaandika: Uwanja Mkubwa, kilomita 212, dakika arobaini. Ndivyo makao makuu yalivyotaka. Viwanja vyote viwili viko kaskazini kabisa na hakuna barabara ya kuviunganisha, kwa hiyo hakuna aliyewahi kwenda kuhakikisha kwa miguu.

Kwenye daftari lake aliandika kweli. Mkurugenzi akiwemo ndegeni, dakika ishirini na mbili. Asipokuwemo, saa tatu nzima. Ndege ileile, rubani yuleyule, upepo uleule. Rubani alieleza kwamba ardhi ya katikati hurefuka, vilima vilevile vikapita mara tano, sasa yeye afanyeje? Hunywa chai yake akangoja viishe.

Tabu ilikuwa oksijeni. Safari ikiwa dakika arobaini, makao makuu yalimpa kila mgonjwa aliyekwenda kwa daktari wa Uwanja Mkubwa mtungi wa saa moja. Karani aliandika barua sita, akajibiwa mara sita kwamba kilomita hazijabadilika. Jumatatu seremala alipanda na mtungi wake akiwatania wenzake. Aliteremshwa maiti.

Alhamisi ilikuwa zamu ya mama mzazi wa karani, mgonjwa wa mapafu, ambaye daktari alitaka kumwona kila wiki. Karani alimwomba Mkurugenzi, aliyekuwa anaondoka Jumatano, nafasi moja tu. Akaambiwa viti viwili vilivyobaki ni vya mkoba na koti. Alijitolea kulibeba lile koti hadi ndegeni, na njiani akalisahau kwa makusudi nyuma ya mlango wa choo.

Alhamisi alimvika mama yake. Koti lilimfika visigino. Rubani alilitazama, akawasha injini. Walitua baada ya dakika ishirini na mbili, mtungi umebaki zaidi ya nusu.

Kwa wiki tatu wagonjwa walilivaa kwa zamu, na hakufa mtu. Kisha ikaja barua: koti ni mali ya ofisi, lirudishwe, na lisafiri peke yake.

Liliondoka Jumatano, limefungwa mkanda kwenye kiti cha dirishani, viti vingine vyote vitupu. Wagonjwa wanne walikaa kwenye benchi, mitungi mapajani, wakalitazama likipaa.

“Likifika limsalimie daktari,” mama alisema.

Baada ya dakika ishirini na mbili redio ilisema limetua salama, ila halina kifungo hata kimoja. Karani alijibu kwamba amesikia. Aliandika ubaoni dakika arobaini, kama alivyoagizwa, kisha akaketi kando ya mama yake, akatoa sindano, uzi na kifungo kimoja cheusi. Vingine alikwisha kuwagawia wagonjwa wengine wa benchi.

“Kifungo kimoja kina dakika ngapi?” mama aliuliza.

“Sijui, Mama. Kesho wewe ndiye wa kwanza.”

Mama alivuta sweta yake ikanyooka kifuani.

“Basi kaza uzi, mwanangu.”