Majua Mawili

Mtaani walimwita Mfufuaji, naye hakununa. Jina la utani likikukaa vizuri unalivaa tu. Kazi yake ilikuwa picha. Ukimletea iliyoliwa na mende, anaitengeneza. Ukimletea ya harusi ambayo baba wa bibi harusi alikufa mwaka mmoja kabla, anamsimamisha marehemu pale pembeni, kavaa suti, anatabasamu kama aliyealikwa wa kwanza. Miaka thelathini na mbili kwenye chumba kilekile, kompyuta, taa mbili na feni inayolalamika, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kusema maiti yake imekaa vibaya.

"Namdanganya nani?" alizoea kusema. "Wote tunajua."

Siku hiyo dada yake mkubwa alikuja saa nne asubuhi, kakumbatia bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya nyumbani kwa mama yao, ile iliyotundikwa karibu na dari kwenye fremu nene tangu wakiwa watoto. Mama alikuwa amefariki miezi mitano nyuma. Nyumba ilikuwa inapakwa rangi, fremu ikaanguka, kioo kikavunjika.

"Isafishe tu," dada alisema. "Usiiguseguse."

"Sasa nitaisafishaje bila kuigusa?"

"Unanielewa wewe." Akavuta kiti cha wateja akakaa, yeye ambaye siku zote huwa ana haraka.

Pichani alikuwa Mfufuaji mwenyewe, miaka mitatu, viatu vinang'aa, mbele ya maporomoko ya maji, na kando yake baba. Baba alikufa mwaka huohuo. Alichobaki nacho cha baba ni siku ile moja basi, na alikuwa ameisimulia kwa mkewe, kwa wanawe, hata kwa wateja wasiomuuliza: baba alimbeba mabegani kuvuka mto, maji yananguruma, matone ya baridi yanampiga miguuni, naye kamshika masikio asianguke, na kiganjani ana kijiwe kidogo alichookota. Wenzake wana baba wa miaka arobaini na wanagombana naye kila Jumapili. Yeye alikuwa na baba wa nusu saa, na nusu saa ile hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Akaiingiza picha kwenye mashine, ikatokea kwenye kompyuta, kubwa. Alianza na ukungu wa ukingoni, sehemu iliyofichwa na fremu nusu karne nzima. Chini kabisa aliona ufito wa mbao, na kitambaa kimeviringishwa juu yake. Maporomoko ya maji yalikuwa pazia la studio, limechorwa kwa brashi.

Alicheka. Haya, mto ni pazia. Lakini mabega ya baba si pazia.

Akamsogeza mtoto karibu. Mwanga ulimpiga upande wa kulia. Akamsogeza baba. Yeye mwanga ulimpiga kushoto. Watu wawili wamesimama pamoja, na kila mmoja ana jua lake. Shingoni mwa baba palikuwa na mstari mwembamba ambapo wembe ulipita. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, lakini angeletewa na mtu baki angeigundua kabla hajavuta kiti. Hii ya kwao alikula na kulala chini yake miaka yote asiione. Mganga hajigangi.

"Baba hayumo humu," alisema.

Dada akaikunja bahasha tupu mapajani.

"Kakatwa kwenye picha nyingine, kapachikwa."

"Alikuwa ameshakufa," dada alisema. "Miezi miwili. Mama alitaka uwe na picha na baba yako, akampa mpiga picha ile ya kitambulisho, abandike kichwa juu ya kiwiliwili cha mtu mwingine. Mimi akaniapisha nisiseme."

Mfufuaji akaondoa mkono kwenye kompyuta. Aliogopa, na tusimpambe: aliogopa kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Ikiwa nusu saa ile aliyoihisi mpaka kwenye nyayo ilikuwa ya kubuni, basi mengine ana uhakika nayo gani? Siku ya ndoa yake? Sauti ya mama? Akabonyeza ukingo wa meza kwa dole gumba. Ulikuwa mgumu, lakini na kijiwe kilikuwa kigumu. Feni ililalamika, na angeweza kuapa kwamba inalalamika, kama ambavyo jana angeapa kuhusu mto.

"Mimi nilihisi maji, dada. Picha haina baridi. Niliitoa wapi baridi?"

"Maji yalikuwepo. Bomba lilipasuka uani kwa yule mpiga picha, maji yanaruka mpaka dirishani, kelele tupu. Na wewe una viatu vya kuazima. Mama akasema vikilowa tutamtambua. Nikakubeba mabegani."

"Wewe?"

"Nina miaka kumi, na wewe mzito kama gunia. Ukanishika masikio kama usukani."

"Na kijiwe?"

Dada akasogeza mtandio. Ndewe ya sikio lake la kushoto ilikuwa imechanika vipande viwili. Mfufuaji aliijua tangu apate akili, na hakuwahi kuuliza, kwa sababu sikio la dada yako ni sikio la dada yako.

"Hakukuwa na kijiwe. Uliing'oa hereni yangu ukaingia nayo studio."

Akaitazama picha. Mkono wa mtoto ulikuwa umefumba ngumi.

"Miaka yote hii nasimulia, unanisikiliza tu?"

"Ulikuwa unafurahi. Ningekuharibia ili iweje?" Akajikuna bega. "Ila kila ukianza na 'baba alinibeba', hili lilikuwa linaniwasha."

Baba alikuwa amemtoka, safari hii moja kwa moja, na ilimuuma kama msiba wa jana. Akarudi kwenye kazi. Aliondoa ukungu, akauacha ufito ulipo, akaacha na majua yote mawili. Alipofika kwenye ngumi ya mtoto, mkono ukasimama.

"Ilikuuma?"

"Sana."

"Ulilia?"

"Nilie vipi," dada alisema, "na nimekubeba?"