Shingo ya Zélie

Jumapili baada ya misa, mpiga ngoma wa kijiji alisoma amri mbele ya kanisa. Watoto wote wa kuokotwa, waliokuwa wakilelewa pale vilimani Morvan kwa malipo ya serikali, waletwe Jumanne asubuhi kwenye uwanja wa meya. Watapakiwa garini wapelekwe mkoa mwingine, na wa huko waletwe huku. Wakubwa walitumaini kwamba wazazi waliowatupa watashtuka na kujitokeza. Hiyo ni akili ya mtu ambaye hajawahi kumfuta mtoto kamasi. Aliyetaka kubaki na mtoto wake alitakiwa aache malipo, na meya amdhamini kwamba ni mtu wa mwenendo mwema.

Anselme Goudot, mchonga viatu vya mbao, alikuwa mmoja wa walezi. Malipo hayakumuuma. Zamani yangemuuma, maana yeye na mkewe Nanette walimchukua Zélie akiwa mchanga kwa ajili ya malipo hayo hasa, na mwaka mzima Anselme hakumtaja kwa jina, alimwita "yule". Sasa Nanette yuko kaburini, Zélie ana miaka sita, na Anselme hawezi kushika kazi asubuhi mpaka amsikie mtoto akiburuta miguu kule ndani. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wahenga hao hawakufika kwa Goudot.

Mambo mawili yalimnyima usingizi. Kwanza, karatasi yake ya utambulisho ilisema alifungwa miaka saba katika gereza la Toulon kwa kumchoma mtu kisu kilabuni, na kijijini aliyejua alikuwa Nanette peke yake. Pili, ile kamba. Kila mtoto wa kuokotwa alifungwa shingoni kamba yenye kipande cha madini ya risasi kilichogongwa namba, na ilikuwa marufuku kuivua, kwa kuwa walezi wengine walifiwa na mtoto wakaweka mwingine mahali pake ili waendelee kulipwa. Kamba ya Zélie aliikata Anselme mwenyewe, mwaka juzi, dondakoo lilipomvimbisha mtoto shingo mpaka midomo ikawa bluu. Kisha kwa hofu akaitupa motoni, asimwambie mtu. Mtu aliyezoea kuiogopa serikali ndivyo alivyo, hata akitenda jema hulificha kama la wizi.

Jumanne uwanja ulijaa vilio. Meya Thévenard alikaa mezani na kalamu yake, na kando yake mkaguzi, mtu mwembamba mwenye sanduku la kamba mpya. Zamu yake ilipofika, Anselme alisema anamtaka mtoto bila malipo. Mkaguzi akaomba karatasi yake, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi Toulon na kisu. Wanawake waliokuwa jirani na Zélie wakawavuta watoto wao. Meya akaiweka kalamu chini polepole.

"Miaka tisa unanichongea viatu, Goudot," alisema. "Miaka tisa."

"Ningesema ungenipa kazi, Bwana Meya?"

Mkaguzi alikuwa amekwisha kumtazama Zélie shingoni, akauliza iliko kamba. Anselme akaeleza yote. Mkaguzi akatikisa kichwa. Alisema kamba ile hukaza shingo, na mtoto anayekabwa hurukaruka. Kisu cha mchonga viatu kingemwachia kovu. Hapa kovu hakuna. Basi mtoto wa namba mia nne kumi na mbili alikufa, na huyu ni mwingine.

"Ni huyu huyu," Anselme alisema. "Naapa kwa kaburi la mke wangu."

"Kuapa hata wezi huapa, mzee."

Mkaguzi akatoa kamba mpya, akaifunga shingoni mwa Zélie, akaibana risasi kwa koleo. Akasema, haya, ikate kama ulivyoikata siku ile.

Anselme alichomoa kisu mkandani, lakini hakukiinua. Siku ile hakuwa na nafasi ya kuogopa. Leo aliwaona watu wote wakimwona mchoma kisu, na yeye mwenyewe akajiona hivyo. Alijua akimkwaruza mtoto kidogo tu, basi, gari lile pale. Askari aliyelinda gari alisogea hatua moja.

Zélie akainua kidevu, kichwa nyuma kabisa, shingo yote wazi. Akafumba macho kama anayenawishwa uso.

"Usiogope, baba," alisema. "Siku ile hukunikata."

Anselme alipitisha kidole kati ya kamba na ngozi, ili kisu kikiteleza kikate kidole chake. Kikateleza kweli. Kamba ikadondoka, na damu iliyotoka ilikuwa yake. Mkaguzi akamgeuza mtoto shingo huku na huku, akatafuta, asione kitu. Akaandika namba mia nne kumi na mbili, yupo.

Bado udhamini. Meya aliitazama ile karatasi ya Toulon kwa muda mrefu, kisha akaitazama shingo ya Zélie. Akachukua kalamu.

"Niandike mwenendo wake ni mwema?" aliuliza, kana kwamba anajiuliza mwenyewe. Akaandika.

Gari liliondoka na watoto kumi na mmoja, wakilia wote, na mama zao walezi wakilifuata mbio hadi darajani. Anselme alisimama akiwa amemshika Zélie mkono. Watu walipoanza kutawanyika mtoto alimwambia kwamba anamuumiza, ndipo akatambua jinsi alivyokuwa amemkaza. Akalegeza kidogo, asimwachie.