Wastani Naye Ana Mama

Meneja wa kiwanda cha magodoro alisikia redioni kwamba mtu mwenye busara hupima nguvu zake kwa kujilinganisha na mtu wa wastani. Maneno hayo yakamkaa. Kesho yake alitaka kujua huyo mtu wa wastani ni nani, na kwa nini hajawahi kufika ofisini kujitambulisha.

Muuguzi wa kiwanda akatumwa kumtafuta. Aliwarusha wafanyakazi kamba, akawapandisha ngazi, akawakimbiza kuzunguka ghala, kisha akajumlisha na kugawanya. Hesabu ikamwangukia mpakiaji mmoja, mtu mpole ambaye miaka yote aliyofanya kazi pale, mlinzi wa getini bado alikuwa akimwuliza anamtafuta nani.

"Hongera," meneja akamwambia. "Kuanzia leo wewe ndiye Wastani wetu."

Jina likamganda. Akaondolewa kwenye upakiaji, akapewa kiti chenye mto mlangoni pa meneja, pamoja na amri moja: asibadilike. Asikimbie, asibebe kitu, asijinyooshe ovyo. Jiwe la mizani, meneja alisema, halifanyi mazoezi.

Kila asubuhi watu walipanga foleni kushindana naye. Yeye akichuchumaa na kuinuka, wenzake wanachuchumaa mara moja zaidi yake, basi, wanaenda zao wamefura vifua. Kukaa nako kuna kazi yake: magoti yakaanza kumlia, pumzi zikamfupikia, na kadiri yeye alivyolegea ndivyo kiwanda kizima kilivyozidi kuwa na afya. Mhasibu, aliyekuwa akihema kwa kufungua droo, akahesabiwa miongoni mwa mashujaa. Mlinzi akajipa jina la Kifua, akaacha kabisa kutembea.

Wastani mwenyewe, tuseme ukweli, alifurahi. Kwa mara ya kwanza watu walimsalimia kwa jina, hata kama halikuwa lake.

Tatizo lilikuwa nyumbani. Aliishi na mama yake, ambaye miguu ilikuwa imemkataa, katika ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Kila Jumapili alimbeba mgongoni akamshusha uani kuota jua. Mama hakuwa na safari nyingine. Wiki nzima aliingoja hiyo, mtandio wake umekunjwa tayari kando ya kitanda. Sasa mwanawe akamwambia kazi imekataa.

"Imekataa nini?"

"Nisibebe mzigo, mama."

"Kumbe nimekuwa mzigo."

Jumapili zikapita, mama akilitazama jua kwenye ukuta wa jirani. Mwishowe akaacha kuukunja mtandio, na hilo likamchoma mwanawe kuliko maneno yote.

Jumapili moja muuguzi alikuja kukagua kama Wastani bado ni yule yule. Mama akamwita.

"Mwanangu, nasikia huko kazini wote mmempita huyu wangu."

"Wote, mama. Tena kwa mbali."

"Basi niletee mmoja anishushe."

Kabla ya adhuhuri kiwanda kizima kilikuwa mlangoni, maana nani angekubali kuonekana hawezi? Kifua alitangulia. Alimbeba mpaka mwanzo wa ngazi, akakumbuka kwamba ameacha geti wazi. Mhasibu aliuinua mkono mmoja wa mama, akaomba aongezewe mtu. Meneja alitoa hotuba. Muuguzi akapendekeza wasubiri mpaka mama apungue kidogo. Kila mara mama alirudishwa kitini, mtandio kichwani, hata machozi yakamtoka.

Wastani akayaona. Akaenda akachuchumaa mbele yake, akampa mgongo.

"Usithubutu," meneja akasema. "Wewe ni kipimo cha watu wote hawa."

"Panda, mama."

Magoti yalimlia njia nzima. Alipumzika kwenye kila kona ya ngazi, huku mama akimgombeza sikioni kwamba amenenepa na amekuwa mzembe. Nyuma yao waliteremka watu wa kiwanda, wameshikilia ukuta. Hatimaye akafika uani, akamketisha mama kwenye benchi.

Muuguzi alikuwa mtu wa haki. Akatangaza pale pale kwamba kama Wastani amembeba mama yake kutoka juu hadi chini, basi huo ndio wastani, na wengine wote wako chini yake. Mhasibu akashika kiuno. Kifua akafunga vifungo vya shati.

"Umetuangamiza," meneja akasema kwa huzuni. "Kiwanda kizima kimekuwa cha wagonjwa kwa ngazi za nyumbani kwako. Kesho rudi kwenye magodoro. Tutatafuta wastani asiye na mama."

Ilimuuma. Kiti kimekwenda, salamu zimekwenda, na getini ataulizwa tena anamtafuta nani. Alitaka mama ajue vyote hivyo vimepotea kwa ajili yake. Akasimama mbele yake, jasho likimtiririka, akitafuta pa kuanzia.

Mama alikuwa amefumba macho, uso ameuinua juu.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Unanizibia jua."