Ngome ya Winza Yafika Likunja

Mume wangu Shaibu ni mtu mwema, ila akianza habari za ngome ya Winza, injika kunde zako jikoni. Zitaiva yeye bado yuko kwa mfalme wa tatu.

Habari hizo alizipata Nachingwea, alikokuwa mpishi wa Mzungu mmoja wa mradi wa karanga. Mradi ulipokufa, Mzungu akafunga mizigo, akamwachia picha ya kalenda ya ngome hiyo: jumba la mawe lenye minara, la wafalme wa Uingereza. Shaibu akaikunja picha ile, akaja nayo kijijini kwetu Likunja kuniposa.

Nami nilimtaka, sifichi. Lakini kwetu Wamwera mwanamume akioa huhamia ukweni, akajenga karibu na mama mkwe. Shaibu alitaka kunipeleka Nachingwea, kwenye chumba chake cha bati. Mama hakuwa na mtoto mwingine ila mimi. Kila nikifikiria kumwacha peke yake na lile shamba, chakula hakishuki. Neno la mwisho lilikuwa la Mjomba Mbaruku, kaka yake mama.

Ilikuwa mwaka hamsini na nne. Shaibu akaitandaza picha mkekani mbele ya Mjomba. Mimi na mama tulikuwa mlangoni, tunapepeta ufuta.

"Mjomba, ngome hii ina miaka karibu mia tisa," akaanza. "Mfalme wa kwanza aliweka boma la miti juu ya kilima cha udongo."

"Boma la miti hata mimi ninalo," Mjomba akasema. "La kuzuia nguruwe."

Shaibu akajikohoza, akaendelea. Wafalme waliofuata wakaondoa miti wakaweka mawe, huyu akaongeza mnara, yule kanisa, baba akimwachia mwana.

"Ngoja kwanza. Wapwa wa mfalme walikosa nini hata wasirithi?"

"Kule hurithi mwana, Mjomba."

"Masikini. Haya, endelea."

"Ndiyo maana nasema, mwanamume ana kwake, mke humfuata. Hata wafalme ndivyo walivyofanya."

"Na sasa anakaa nani humo?"

"Malkia!" Shaibu akasema kwa fahari, kana kwamba yeye ndiye aliyempikia. "Kavikwa taji mwaka jana tu."

"Ana mume?"

"Anaye."

"Huyo mume ndiye mwenye ngome?"

"Hapana, ni ya upande wa mke. Ya baba yake malkia."

Mama akaacha kupepeta. Mjomba akaichukua picha, akaitazama kwa makini, minara yote.

"Kumbe mume kahamia ukweni."

Shaibu alikuwa kama mpishi aliyeunguza chakula mbele ya wageni, nami nilimwonea huruma, lakini moyoni nilikuwa napiga vigelegele.

"Na hakufa?" Mjomba akauliza kwa upole.

"Hakufa, Mjomba."

"Basi nenda kakate nguzo."

Alizikata. Akajenga hatua thelathini kutoka mlango wa mama, na mama alipokuja kuugua, aliyempikia uji hadi siku yake ya mwisho ni Shaibu, wala hakuniachia mwiko. Picha ipo ukutani mpaka leo. Wageni wakija huwasimulia boma, mawe, minara na wafalme wote, kisha akifika kwa malkia hukumbuka ghafla kwamba ana kazi shambani.

Hapo namalizia mimi.