Mahindi Yuko Tayari

Walipopata redio za upepo, zahanati ya Lihuhu na vituo viwili vya afya vya mjini Songea, Mjimwema na Msamala, walikubaliana wapeane majina ya kuitana hewani. Mjimwema wakawa Kahawa, Msamala wakawa Alizeti. Lihuhu wakaangukiwa na Mahindi, na mkunga wao, Bibi Kunegunda, akalipenda jina hilo kama aliyebatizwa upya. Mjimwema walikuwa na gari. Msamala walikuwa na mlingoti mrefu unaonasa sauti za mbali. Lihuhu walikuwa na wagonjwa.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ikiuma masikio, Dorine alikuwa katika uchungu wa mimba yake ya kwanza tangu jana yake, na mtoto alikuwa ametanguliza makalio. Bibi Kunegunda alijua ujuzi wake umefika mwisho. Dorine asipofikishwa hospitali siku hiyo, bibi angewapoteza wote wawili, mama na mtoto.

Akashika redio. Kwa kuwa Songea ni mbali, aliona lazima apige kelele.

"Kahawa, Kahawa, hapa Mahindi. Mmeamkaje huko?"

Kahawa kimya. Ikaja sauti ya Fortunata, nesi wa Msamala.

"Hapa Alizeti. Shikamoo bibi. Kahawa hawakusikii, nitawafikishia mimi. Sema."

"Marahaba mwanangu. Watoto wazima?"

"Wazima, bibi. Sema shida."

"Mahindi yuko tayari. Leteni gari sasa hivi."

"Nimekupata. Linakuja."

Chini ya dirisha alikuwa anapita Rupert, jembe begani. Mwaka ule serikali ilikuwa imewaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua mahindi, na Lihuhu nzima ilikuwa inasubiri lori la kwanza. Rupert hakuuliza. Alilitupa jembe akakimbia.

Pikapu ya Mjimwema ilipofika, dereva Athanasi alikuta magunia yamepangwa kando ya barabara mpaka kanisani, na akina baba wamevaa mashati ya Jumapili.

"Mnunuzi ni wewe?" Rupert akauliza.

"Mimi nimefuata mzazi."

"Redio imesema mahindi."

"Mahindi ni mimi," alisema Bibi Kunegunda kutoka mlangoni.

Watu wakamtazama, wakatazamana, kisha kicheko kikaanzia kwa wanawake kikaenda hadi gunia la mwisho. Hata Dorine, akitolewa nje kwa machela, alitabasamu huku ameuma khanga.

Athanasi peke yake hakucheka. Alimvuta bibi pembeni.

"Bibi, barabara imejaa matuta na gari ni tupu. Linaruka kama mbuzi. Nitamuumiza huyu mama."

Rupert alikuwa amesikia. Aliinama, akabeba gunia lake mwenyewe, akalilaza ndani ya pikapu. Akafuata jirani yake, na jirani wa jirani, mpaka sakafu ya gari ikajaa na springi zikalala. Wanawake wakatandika godoro juu, na mmoja akavua sweta lake akamfunika Dorine miguu. Gari likaondoka taratibu, zito, bila kuruka.

Alasiri hakuna aliyekwenda shamba. Walikaa chini ya dirisha la zahanati, wakitaniana kwamba gari limeondoka na mahindi yao bila risiti. Jua lilikuwa linashuka redio ilipokoroma.

"Mahindi, hapa Alizeti. Hospitali wamemfanyia upasuaji. Mama mzima. Mtoto wa kike, mzima."

Bibi Kunegunda akakaa.

"Muulize kilo ngapi," Rupert alisema dirishani.

Bibi akauliza.

"Tatu na nusu," Fortunata akajibu.

"Gredi ya kwanza huyo," akasema Rupert, na watu wakaangua kicheko upya.

Bibi Kunegunda alibonyeza kitufe ashukuru, lakini kicheko na machozi vikamzidi. Akampitishia Rupert kipaza sauti dirishani. Rupert, ambaye alikuwa hajawahi kushika kitu kama kile, kwanza akavua kofia.